Bunduki mseto: mitutu mitatu, kitako kimoja

Mpwa wangu anayeishi Ujerumani alinitumia picha kwenye simu, nami nikaenda nayo barazani baada ya alasiri, hapa Lamu. Bunduki imekunjwa katikati, na nyuma ya mitutu yanaonekana matundu matatu: mawili makubwa yako sambamba juu, moja dogo liko chini yake. Utadhani uso wa mtu aliyeshtuka. Ami aliisogeza simu mbali na miwani, akairudisha karibu, akauliza, "Hii bunduki au zumari?"

Ni bunduki. Wajerumani huiita drilingi, neno lile lile wanalomwita mtoto mmoja katika mapacha watatu. Ukoo wake wote naweza kuuita bunduki mseto, yaani silaha iliyoweka mtutu wa risasi na mtutu wa marisau kwenye kitako kimoja.

Mtutu wa risasi una mifuo ndani, imejizungusha kama uzi wa skrubu, ili risasi moja itoke ikizunguka na kushika njia yake hadi mbali. Mtutu wa marisau ni laini ndani. Unatema punje nyingi zinazotawanyika, basi unamfaa kanga anayeruka hatua thelathini mbele yako, lakini mnyama mkubwa aliye mbali hataujali. Na ukimpiga kanga kwa risasi ya nyati, utakachookota ni manyoya.

Tatizo ni kwamba mwindaji hachagui atakachokutana nacho. Katika misitu ya Ujerumani na Austria mtu hutoka alfajiri akamwona sungura, kisha ndege, na kabla hajatua pumzi nguruwe mwitu anakata njia. Ukitaka kuwa na bunduki mbili, unahitaji mtu wa kukubebea moja, na mnyama hangoji mbadilishane. Ndipo mafundi wa miji kama Suhl, Ujerumani, na Ferlach, Austria, wakazitia zote katika silaha moja. Waingereza nao, nusu ya pili ya karne ya 19, walitengeneza bunduki ya Rasi, iliyopewa jina la Rasi kule Afrika Kusini: mitutu miwili ubavu kwa ubavu, mmoja wa mifuo, mmoja laini. Kuna pia bunduki iitwayo Paradox, ya kampuni ya Kiingereza Holland & Holland, ya miaka ya 1880, ambayo mitutu yake ni laini karibu yote ila kipande kifupi cha mwisho chenye mifuo. Kwangu hiyo ni binamu tu. Mtutu ule ule hufanya kazi mbili, wala hapana mseto wa mitutu.

Ami alikuwa bado anahesabu. "Mitutu mitatu, vifyatulio viwili. Wa tatu anangoja zamu?"

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kwa kawaida drilingi huwa na vifyatulio viwili, na mwanzo vyote vinatumikia mitutu ya marisau, cha mbele wa kulia na cha nyuma wa kushoto. Juu ya shingo ya kitako kuna kitufe kidogo cha kuteleza. Ukikisukuma mbele kwa kidole gumba, kifyatulio cha mbele kinahamia kwenye mtutu wa risasi uliopo chini, na papo hapo kibao kidogo cha kulengea kinachomoza juu ya mitutu, kilichokuwa kimelala. Kwa hiyo huna haja ya kukumbuka umechagua nini. Ukiona kibao kimesimama, ujue ni risasi. Mimi sijaona werevu wa kimya kama huo hata kwenye saa.

Werevu huo ndio unaowavuta wakusanyaji, pamoja na nakshi za paa na majani ya mwaloni zilizochongwa kwenye chuma. Ila mkusanyaji mzoefu hatazami nakshi kwanza. Huipindua, akasoma mihuri iliyo chini ya mitutu. Namba 16 ndani ya duara ni ukubwa wa mtutu laini, na hesabu yake ni kinyume: zamani ilikuwa idadi ya gololi za madini ya risasi zenye upana wa mtutu zinazotimiza ratili moja, kwa hiyo 16 ni mwembamba kuliko 12. Wajerumani waliipenda sana 16. Lakini nyingi za zamani zilichongewa ganda, yaani kasha la baruti na marisau, lenye urefu wa milimita 65, na ganda la kawaida la leo ni 70. La leo huingia bila kukataa, kisha likifyatuliwa hukosa nafasi ya kufunguka na msukumo hupanda kupita kiasi. Mtutu wa chini una mtego wake. Risasi ya Kijerumani ya milimita 8 ilinenepeshwa kidogo mwaka 1905, na ganda la nje halikubadilika sura, hivyo risasi nene inaweza kutiwa kwenye mtutu mwembamba. Tena neno "Nitro", muhuri wa kuwa ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa yenye nguvu, likikosekana kwenye chuma, mwenye akili huichukulia kuwa ni ya baruti nyeusi ya zamani mpaka fundi aseme vingine.

Ami alitaka kujua kama mtu angeweza kuja nayo akawinde bara, upande wa Witu, ambako Wajerumani walikuwa na himaya yao kuanzia 1885 hadi 1890. Hapana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na bunduki yoyote isiyo na cheti ni kesi, hata kama ni kongwe kuliko babu yako.

Nilimwandikia mpwa wangu aipindue apige picha ya chini. Kesho yake ikaja: 16 ndani ya duara, taji dogo juu ya herufi, "Nitro" hakuna. Ami akatazama, akanirudishia simu.

"Mwambie aitundike ukutani."