Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

Mzazi anayekimbiza mtoto aliyekunywa mafuta ya taa mara nyingi ananiambia kwanza walichompa kabla ya kuja: maziwa, mafuta ya kupikia, maji ya chumvi, au kidole kooni ili atapike. Simlaumu hata kidogo. Wengi wetu tumekua tukisikia kuwa maziwa huua sumu. Lakini maziwa hayawezi kuua mafuta ya taa, na kutapika ndiko kunakoleta balaa.

Yakiwa tumboni, mafuta ya taa huleta madhara machache. Sehemu kubwa hainyonywi kuingia mwilini. Hatari iko kwenye mapafu. Mafuta haya hutambaa upesi sana, kwa hiyo mtoto akipaliwa, matone machache tu yakipenya njia ya hewa husambaa na kuunguza mapafu. Ukimtapisha, unayapitisha kooni mara ya pili. Ukimjaza maziwa, tumbo linajaa na atatapika mwenyewe. Ndiyo maana hata sisi hospitalini hatumwoshi tumbo mtoto wa namna hii, na mkaa wa dawa hausaidii kwa kuwa haushiki mafuta.

Basi ufanye nini? Mwondoe penye mafuta, mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Usimlazimishe kunywa chochote. Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje. Kisha mlete kituo cha afya hata kama anacheza. Nasisitiza hapo, maana kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuchelewa, na ndiyo sababu tunamwangalia kwa saa 6 angalau kabla ya kumruhusu.

Mkiwa njiani, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 anayefikisha mara 40, anapumua haraka kupita kiasi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, midomo ikiwa ya bluu, au akisinzia isivyo kawaida, waambie wahudumu mara tu mnapofika, msikae foleni. Anahitaji oksijeni.

Njooni na chupa yenyewe. Dawa ya kuulia wadudu shambani nayo huwekwa kwenye chupa za soda, na nyingine huchanganywa na mafuta ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo harufu peke yake haitoshi. Matibabu yake ni tofauti kabisa. Mtoto akitoa mate na jasho jingi, na mboni za macho zikawa ndogo mno, tunashuku dawa ya wadudu.

Na hiyo chupa ya soda ndiyo chanzo chenyewe. Mtoto wa miaka miwili anajua ndani yake mna kitu kitamu. Wekeni mafuta kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, juu asikofika, na kibatari kijazwe yeye akiwa amelala.