Usitafute uvujaji kwa macho, utafute kwenye mita

"Fundi, maji hayafiki mwisho wa shamba." Simu za namna hii huja kwa wingi Januari na Februari, jua la Moshi likishakaza na kila mtu anamwagilia. Swali langu la kwanza ni lile lile: mita yako ya maji kwa kawaida inasoma ngapi? Wengi hawana jibu.

Mfumo usio na namba yake ya kawaida hauwezi kukuambia kwamba unavuja. Udongo wa volkano huku juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Kibosho hadi Marangu, hunywa maji upesi, na bomba la chini linaweza kuvuja muda mrefu bila udongo wa juu kulowa. Tambarare, kwenye udongo mweusi wa mbuga, shida ni nyingine: udongo hufura ukilowa, hupasuka ukikauka, na kila msimu huvuta viungio vya mabomba. Kote huko macho hayatoshi.

Namba hiyo unaipata kwa hesabu ndogo. Ekari moja yenye mistari ya dripu (mipira yenye matundu ya kudondoshea maji) kila mita 1.5 inahitaji kama mita 2,700 za mpira. Matundu yakiwa kila sentimita 30 ni kama 9,000, na kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa, ekari nzima inakunywa lita 14,400 kwa saa. Sasa tuseme mpira umekatwa na jembe wakati wa palizi, unamwaga lita 400 kwa saa. Ndani ya 14,400 hiyo haifiki hata asilimia 3, hutaitambua. Gawa ekari hiyo kanda nne, kila moja na koki yake, umwagilie moja moja: kanda inakunywa lita 3,600, na zile 400 zinakuwa asilimia 11. Mita inaruka wazi. Ndiyo maana sikubali kufunga ekari nzima kwenye koki moja, hata mwenye shamba akilalamikia gharama. Namba ya kila kanda naiandika kwa rangi kwenye nguzo ya koki, ili hata kijana wa zamu aione.

Mita peke yake haitoshi. Weka geji ya presha baada ya chujio. Maji mengi kuliko kawaida na presha imeshuka: kuna bomba limepasuka au mpira umekatwa. Maji machache na presha imepanda: matundu yameziba. Vyote viwili vimeshuka: rudi kwenye chujio, pampu au chanzo, usianze kufukua shamba. Soma baada ya mabomba kujaa, maana dakika za mwanzo mita hukimbia hata kwenye mfumo usiovuja.

Usinunue mita kubwa kupita kiasi eti kwa ajili ya upanuzi wa baadaye. Mita kubwa haizunguki kabisa kwa mtiririko mdogo, na uvujaji wa polepole ndio hasa unaoutafuta. Jioni funga koki zote za kanda, acha bomba kuu na presha yake, andika namba. Asubuhi ikiwa imesogea, bomba kuu linavuja.

Kuhusu tangi, nina neno zito kidogo. Hapa kwetu bomba la kufurikia huelekezwa kwenye migomba, maji yasipotee. Nia ni njema, ila boya linalofunga maji tangi likijaa likiharibika, migomba inastawi na hakuna anayejua. Bomba hilo limwage mahali watu wanapopita, juu ya zege, na liwe nene kuliko bomba la kuingizia. Ukiongeza kengele ya umeme, waya zake zifungwe ili mkondo upite muda wote na kengele ilie mkondo ukikatika. Panya akitafuna waya, utasikia. Kwa mpango wa kinyume, waya uliokatika unanyamaza sawasawa na tangi lisilo na tatizo.

Wanaotegemea mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia, nao wanaweza kupima. Weka kizuizi chenye mkato wa V wa nyuzi 90 juu, na kingine chini kabla ya shamba. Kina cha maji, kuanzia usawa wa ncha ya chini ya V, kipimwe nyuma kidogo ya mkato, maji yakiwa yametulia. Sentimita 10 ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 9 ni kama 3.4. Sentimita moja tu, na imeshaondoka lita nzima kwa sekunde, sawa na maji ya ile kanda ya dripu. Usomaji wa juu na wa chini ukitofautiana hivyo na hakuna jirani aliyefungua zamu yake, sogeza kizuizi cha chini hadi nusu ya njia, upime tena. Upande wenye tofauti ndio wa kukagua kingo: mashimo ya fuko, mizizi, na pale ng'ombe wanapovukia.