Darasa la nne la mkoloni

Kila ninapofundisha historia ya elimu hapa Mwanza, hakosi mwanafunzi wa kuniambia: "Lakini Mwalimu, babu yangu aliishia darasa la nne la mkoloni na Kiingereza chake kinatushinda sisi wa chuo." Sibishani na babu. Nauliza tu wenzake wa rika lile pale kijijini waliishia wapi.

Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na lake. Kwa Waafrika, watoto wengi hawakuliona darasa kabisa, na waliobahatika wengi wao safari iliishia la nne. Babu tunayemsifu ni yule aliyepenya. Walioachwa nje nani atawasimulia?

Tukizungumzia ubaguzi huu huwa tunakimbilia fedha. Ni kweli, mgawanyo ulikuwa wa aibu. Mimi kinachonikera zaidi ni kile kilichofundishwa. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, Virginia, chuo cha Weusi kilichotanguliza kazi za mikono. Msomi Mweusi W.E.B. Du Bois alikuwa ameshampinga waziwazi: aliona elimu ya namna hiyo inamfungia Mweusi chini. Hata hivyo tume ikashauri Mwafrika apewe elimu ya kuendana na mazingira yake, na mwaka 1925 London ikatoa waraka wa sera wenye mwelekeo huohuo.

Sasa Usukumani mazingira ni nini kama si pamba? Miaka ya 1950 shule za kati, darasa la tano hadi la nane, zilielemezwa kwenye kilimo. Mzazi alishangaa: jembe mtoto kalishika nyumbani tangu mdogo, shuleni kaenda kutafuta hesabu na Kiingereza. (Mtoto wa Mzungu mazingira yake yalikuwa Tanganyika hiihii, lakini mtaala wake ulitazama Uingereza.)

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kuanzia Januari 1962. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na shamba la shule likarudi. Wapo wenzangu wanaosema Nyerere alimwiga mkoloni. Sikubaliani nao: safari hii hakukuwa na shule ya rangi nyingine ambako mtoto alisamehewa jembe. Ila mzazi wa Magu aliyeyaona yote mawili alikuwa na kila sababu ya kushuku.