Je, wajua mashine ya kufyonza vumbi inavyopitisha kamba kwenye bomba lililofukiwa?

Bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 limefukiwa kutoka chemba ya getini hadi chemba ya nyuma ya jengo, mita 60, na ndani hamna kitu, hata uzi wa kuvutia waya. Fundi anaweka mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani upande mmoja. Upande wa pili anaingiza kipande cha sponji kilichofungwa uzi wa waashi. Mashine ikiwashwa, uzi unaweza kutokea upande wa pili kabla sekunde kumi hazijapita. Lakini mashine hiyohiyo inaweza kugoma kwenye bomba la mita 25, na hapo watu husema haina nguvu, itafutwe kubwa zaidi.

Ushauri huo wa mashine kubwa ndio unaopoteza pesa na muda, kwa sababu nguvu ya mashine ni nadra kuwa kikwazo.

Kwanza, mashine haivuti sponji. Inaondoa hewa iliyo mbele yake, na hewa iliyo nyuma, yenye kanieneo (presha) la kawaida la anga, ndiyo inayolisukuma. Ndiyo maana upande unaoingizia uzi lazima ubaki wazi. Ukiziba pande zote mbili kwa nia ya kuzuia hewa isivuje, hakuna kinachosukuma na sponji halisogei.

Mashine nzuri ya nyumbani hutengeneza tofauti ya kanieneo ya takriban kilopaskali 20 mdomo wake ukizibwa kabisa. Eneo la duara la milimita 50 ni karibu sentimita 20 za mraba, kwa hiyo kizibo, yaani lile sponji, kinasukumwa kwa nguvu isiyozidi uzito wa kilo 4. Bomba la milimita 100 lina eneo mara nne, na nguvu inafika kilo 16. Hicho ni kiwango cha juu. Mivujo ya kwenye viungio na pembeni mwa kizibo hupunguza sehemu kubwa yake. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, na feni ileile hutengeneza tofauti ndogo kwa kiasi hichohicho.

Kilo 4 zinatosha sana kuburuta uzi. Mita 60 za uzi wa waashi zina uzito wa gramu 90 hivi, na kwenye bomba lililonyooka msuguano wake haufiki gramu 30. Sasa nguvu inaishia wapi?

Inaishia kwenye kona. Baharia anayefunga jahazi hashindani nalo kwa misuli. Anazungusha amari, kamba nene ya chombo, kwenye nguzo ya gati, kisha anashika ncha kwa mkono mmoja. Kila mzunguko hauongezi nguvu ya mkono, unaizidisha. Tukichukulia kuwa kizio cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi kamba inavyoshika kinachoigusa, ni 0.3, mzunguko mmoja huzidisha mara 6.6, miwili mara 43, mitatu zaidi ya mara 280. Hesabu hii inahusishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, na jambo lake la kushangaza ni kwamba unene wa nguzo haumo ndani yake. Kinachohesabiwa ni jumla ya digrii ambazo kamba imepinda, basi. Kona nne za digrii 90 ndani ya bomba ni sawa na mzunguko mmoja kamili wa nguzo, hata kama kona hizo zimeachana mita kumi kumi. Kizibo chako kiko mahali pa jahazi, na mahali pa mkono wa baharia ni pale uzi unapotokea, yaani kwenye kibiringo ulichozungushiwa.

Hapo ndipo kosa hutokea. Kibiringo kilichochomekwa kijiti na kushikwa na msaidizi kinaweza kukaza uzi kwa gramu 200 bila mtu kuona. Baada ya kona nne gramu hizo ni kilo 1.3. Baada ya kona sita ni kilo 3.4, na mashine imeshindwa. Ukinunua yenye nguvu maradufu, kona mbili tu za ziada zinaimaliza, maana baada ya kona nane kizibo kinadaiwa kilo 8.6. Lakini ukifungua uzi wote na kuulaza kwenye ndoo kavu, mkunjo juu ya mkunjo, unatoka ukiwa na ukinzani wa gramu 10 hivi. Kona nane zinaugeuza kuwa gramu 430. Ndoo imefanya kazi ambayo mota kubwa isingeifanya. Msaidizi asiuzungushe uzi mkononi, kwa kuwa unatoka kwa kasi na unakata kiganja.

Kwa mantiki hiyohiyo, upande wa kuanzia una umuhimu wake. Anza upande ulio karibu na kona nyingi, uzi uzipite ukiwa bado umelegea. Tuseme bomba letu la mita 60 lina kona sita zilizorundikana upande mmoja, na uzi unatoka kwenye ndoo. Ukianzia upande huo kizibo kinadaiwa kama gramu 200. Ukianzia upande wa pili zinakuwa zaidi ya gramu 600, kwa sababu uzito wa uzi wote nao unapitia kwenye kuzidishwa. Tena bomba jeusi la poli (polithini), linalokuja kwenye roli, likilazwa kwenye mtaro usiosawazishwa huwa na mawimbi, na kila wimbi ni digrii zinazojumlishwa. Kizio cha 0.3 nacho ni cha bomba safi. Tope na mchanga vikikipandisha hadi 0.5, kona nne peke yake zinazidisha mara 23.

Kizibo chenyewe kinahitaji uangalifu. Sponji la godoro likatwe kwa urefu wa mara mbili ya kipenyo cha bomba, liwe nene kwa milimita mbili tatu tu kuliko bomba, kisha livishwe nailoni nyembamba ili liteleze. Likiwa nene mno linashika ukuta. Pengo la milimita moja kuzunguka bomba la milimita 50 ni asilimia 8 tu ya eneo, na mashine inalimudu. Wengi zamani walitumia mfuko wa plastiki wa dukani, mdomo ukielekea nyuma na uzi ukifungwa kwenye mikono yake, hewa ikaujaza. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019. Mfuko mbadala unaofanana na kitambaa haufai, hewa inapenya. Nailoni ya kufungia mkate inafaa.

Kabla ya kuingiza chochote, ziba nafasi kati ya mpira wa mashine na bomba kwa kitambaa kilicholoweshwa, washa, kisha peleka kipande cha tishu kwenye mdomo wa upande wa pili. Kikivutwa, njia iko wazi na hilo ndilo bomba lenyewe, jambo lisilo dogo kwenye chemba yenye mabomba manne yanayofanana. Kisipovutwa, bomba limeziba, limevunjika au lina maji. Maji yaliyotuama bondeni mwa bomba yanakula nguvu haraka: kuyainua nusu mita kunahitaji kilopaskali 5, robo ya uwezo wote wa mashine. Tumia mashine inayokubali maji, la sivyo yataingia kwenye mota. Na chemba yenye harufu ya petroli au gesi ya maji taka usiiwekee mashine yoyote ya kawaida, cheche za mota zinatosha kuilipua.

Kupuliza kwa blowa ya kusafishia kompyuta ni kanuni ileile kwa upande wa nyuma. Kompresa ni habari nyingine. Inatoa hewa kidogo kwa kanieneo kubwa, hivyo kizibo kinapokwama, nguvu inajikusanya nyuma yake. Kwa kanieneo la baa 7 (kilopaskali 700), kizibo cha milimita 50 kinasukumwa kwa karibu kilo 140, na kikiachia kinatoka kama risasi. Asisimame mtu mbele ya mdomo wa bomba, na regyuleta, yaani kidhibiti cha kanieneo, ishushwe chini ya baa moja.

Njia nyingine zipo. Bomba la poli la milimita 20 husukumwa kama rodi baada ya kuanikwa juani lipoteze mkunjo wa roli, ila kadiri unavyosukuma ndivyo linavyojipinda na kukaza ukuta, hadi halisogei tena. Kwenye mteremko, kipande cha boya hufungwa uzi na kumwagiwa maji. Mwaka 1971, maabara ya chembe za atomu iliyojengwa Batavia, Illinois, Marekani, ambayo leo ni Fermilab, ilimtumia Felicia, fereti wa kufugwa wa jamii ya kicheche. Alivalishwa mkanda wenye uzi, akapita kwenye mirija ya mita 90 hivi, kisha uzi ule ukavuta kitambaa cha kusafishia. Mnyama kama huyo hupenda kuingia mashimo yenye giza, na anatembea kwa miguu yake, kwa hiyo kuvuja kwa hewa hakumhusu. Kona zinamhusu kama zinavyokihusu kizibo.

Uzi ukishafika, usivutie waya. Uzi mwembamba uliokazwa kwenye kona husugua mahali pamoja, PVC inapata joto, na ndani ya mita chache unaweza kuichana elbo, kiungio cha kona, kama msumeno. Uzi uvute kamba ya manila ya milimita 6, kamba ndiyo ivute waya. Fundo lifungwe kwa mizunguko kadhaa iliyolazwa kwa urefu, kisha lizungushiwe tepu ya umeme kuanzia upande mwembamba, lisiwe na bega la kunasa kwenye kiungio. Pamoja na waya ivutwe kamba nyingine ya kubaki bombani, iachwe mita mbili za ziada kila upande, zifungwe ndani ya chemba juu ya usawa wa maji.