Je, santuri daima husikika vizuri kuliko faili la dijitali?

Mashabiki wengi wa bendi huru za pop (zisizo chini ya kampuni kubwa za muziki) huamini kwamba albamu ikitolewa kwa santuri, sauti yake lazima iwe halisi zaidi, kwa kuwa haikupitia kompyuta.

Lakini siku hizi bendi nyingi ndogo hurekodi kwa kompyuta, na mara nyingi santuri huchongwa kutokana na faili la dijitali. Tofauti unayoisikia huenda ikatokana na maandalizi: santuri haivumilii besi iliyozidi wala "s" kali, hivyo fundi huzipunguza. Tena, diski kubwa kwa kawaida huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kasi isiyobadilika, ilhali mizunguko ya mfereji wa sauti iliyo karibu na kitovu ni mifupi, hivyo sauti ya muda uleule hubanwa katika nafasi ndogo. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa kila upande huweza kufifia kidogo. Bendi makini huweka hapo wimbo wa taratibu. (Raha ya jalada kubwa ni jambo jingine, nami siipingi.)

Ukitaka kuhakiki, soma maelezo ya jaladani uone albamu ilirekodiwaje, kisha mwombe mwenzako akuchezeshee matoleo yote mawili bila kukuambia lipi ni lipi. Sawazisheni sauti kwanza, maana inayovuma zaidi hudhaniwa kuwa bora.