Mashine pepe si "seva ya mtandaoni"

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, siku moja baada ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom kukatika na intaneti kuzorota Tanzania, Kenya na kwa majirani, nilikuwa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Fundi mmoja alikuwa kaunta na orodha yake ya nondo na mabati, wengine wawili nyuma yake, na dada wa kaunta akiwaambia wapite tena jioni. "Samahani kaka, mfumo haupo. Seva yetu ni virtual, iko mtandaoni, na mtandao ndiyo huo umekatika."

Seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, ilikuwa stoo, hatua kama kumi kutoka pale alipokaa, juu ya rafu kando ya makopo ya rangi. Taa zake za kijani zilikuwa zinawaka. Tukafungua mfumo kwenye kompyuta ya kaunta, ukafunguka. Tangu asubuhi hakuna aliyejaribu, kwa sababu wote waliamini neno walilofundishwa.

Mashine pepe, kwa Kiingereza *virtual machine*, ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta ya chuma. Ina prosesa yake, memori yake, diski yake na mfumo endeshi wake (kama Windows), na programu zilizomo ndani hufanya kazi kana kwamba chuma chote ni chao. Chuma kimoja hubeba mashine kadhaa za namna hiyo. Cha duka lile kilibeba tatu: mauzo, hesabu na mafaili. Programu inayokigawa chuma hicho huitwa haipavaiza, kwa Kiingereza *hypervisor*. Maana ni hiyo tu, na hakuna mahali intaneti imetajwa.

Kosa lilitokana na tafsiri. Wakati wa korona, mwaka 2020, kila mkutano wa "virtual" ulikuwa mkutano wa mtandaoni, na kwa mikutano tafsiri hiyo haikumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba neno lilihama na maana hiyo mgongoni likaingia kwenye vyumba vya seva, ambako lilikuwa na maana yake nyingine, ya zamani zaidi.

Asili yake ni Kilatini. *Virtus* ni nguvu, uwezo, ubora, na limetoka kwenye *vir*, yaani mwanamume. Kitu cha "virtual", kwa maana ya wazee wa lugha hiyo, ni kile chenye nguvu na athari ya kitu fulani hata kama hakina umbo lake. Sisi tunalielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Salio la pesa kwenye simu halina noti wala sarafu, lakini linanunua unga, linalipa ada na nauli. Nguvu ya noti ipo, karatasi haipo. Mashine pepe iko hivyohivyo: kazi ya kompyuta ipo kamili, ila bodi na waya zake za peke yake hazipo.

Na historia inaukata ubishi kabisa. Kampuni ya kompyuta ya IBM, katika kituo chake cha Cambridge, Massachusetts, walianza kutumia mfumo wa CP-40 mwanzoni mwa 1967, na huo ndio uliompa kila mtumiaji mashine yake pepe ndani ya kompyuta moja kubwa. ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, ulipitisha ujumbe wake wa kwanza Oktoba 1969. Kwa hiyo mashine pepe ni kubwa kwa umri kuliko intaneti. Haiwezekani maana yake iwe "ya intaneti".

Neno letu "pepe" nalo lina mzigo wake. Anayepepeta mpunga anajua pepe ni punje tupu, ganda lisilo na kiini, ile inayopeperushwa na upepo. Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara wakisikia "mashine pepe" wanahisi wanauziwa hewa. Hata hivyo nalipenda neno hili na nitaendelea kulitumia, kwa sababu "barua pepe" imeshatuzoesha: haina bahasha wala stempu, lakini inafika, na inaweza kukufukuzisha kazi sawasawa na barua ya karatasi.

Haipavaiza, kwa upande wake, imejengwa kwa njia rahisi. Zamani kiini cha mfumo endeshi kiliitwa *supervisor*, msimamizi. *Super* ni Kilatini na *hyper* ni Kigiriki, yote mawili yakimaanisha "juu ya". Ilipopatikana programu ya kuwasimamia wasimamizi wenyewe, jina nalo likapandishwa ngazi moja, kutoka *super* hadi *hyper*. Kwa Kiswahili ningesema mnyapara wa wanyapara.

Neno likipotoka, na fedha hupotoka. Mwenye duka alinionyesha jedwali lake la Excel. Safu moja, mistari mitatu, "Virtual A", "Virtual B", "Virtual C", bei zikiwa mbele yake. A ilikuwa seva ya kukodi kwa mwezi, iliyoko nje ya nchi. B ilikuwa leseni ya VMware, haipavaiza ya kulipia. C ilikuwa Proxmox, haipavaiza ya bure, ikiwa na sifuri. Alikuwa analinganisha kodi ya nyumba, mshahara wa mnyapara na mnyapara wa kujitolea, akitafuta tarakimu ndogo.

Vinavyolinganishwa kweli ni wanyapara kwa wanyapara. VMware imekomaa, lakini tangu kampuni ya Broadcom wamalize kuinunua Novemba 2023 leseni za kudumu haziuzwi tena. Unalipia kwa muda, kwa hesabu ya viini vya prosesa (*cores*), na kila prosesa huhesabiwa angalau viini 16 hata kama ina 8. Chuma cha duka lile kina prosesa mbili za viini 8, kwa hiyo kingelipiwa angalau 32. Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, imo ndani ya Windows Server, na leseni ya Standard inaruhusu mashine pepe mbili za Windows, wakati yeye ana tatu. Proxmox, kutoka Vienna, imesimama juu ya Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe. Programu ni bure, anayetaka msaada wa kampuni hulipia kwa idadi ya prosesa. Kwa duka la ukubwa ule mimi ningechukua Proxmox, mradi awepo fundi anayeijua Linux na anayepokea simu.

Seva ya kukodi ni swali jingine: chuma kikae stoo kwako au kwa mtu wa mbali? Huko mbali pia utapewa mashine pepe, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Lakini kinachoifanya itegemee intaneti ni umbali, upepe hauhusiki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, iliyo mbali iite "seva ya kukodi", na iliyo stoo iite "mashine pepe". Yule dada wa kaunta ameshabandika karatasi juu ya skrini yake: "Intaneti ikikatika, endelea kuuza. Seva iko stoo."