Usaha wa kizazi umeisha. Je, mbwa atolewe kizazi?

Swali hili huulizwa sana wiki chache baada ya matibabu. Mbwa anakula, anakimbia, uchafu umekatika, na mwenye mbwa anashangaa kwa nini bado nazungumzia upasuaji. Jibu langu karibu kila mara ni kwamba kizazi kitolewe, tena kabla ya joto lijalo, yaani kipindi kingine cha jike kutaka dume.

Ugonjwa wenyewe, payometra, huonekana kama maambukizi ya kawaida: bakteria wameingia, dawa imewaua, basi. Bakteria wapo kweli, mara nyingi E. coli walewale wanaoishi kwenye utumbo wa mbwa mwenyewe, ila wao hukuta shamba limeshalimwa. Mlimaji ni homoni ya projesteroni. Jike akimaliza joto, ovari zake huendelea kuitoa kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au hakupandwa. Homoni hiyo hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, huamsha tezi zake zitoe majimaji, hutuliza misuli ambayo ingesukuma uchafu nje, hufunga mlango wa kizazi na kupunguza kinga ya mahali hapo. Joto baada ya joto, ukuta huota vifuko vidogo vya maji. Ndiyo maana wanaougua zaidi ni majike waliokwisha kupevuka umri, na dalili huja wiki chache baada ya joto: kiu isiyoisha, kukojoa mno, kukataa chakula, kutapika. Mlango ukiwa wazi utaona usaha. Ukiwa umefungwa huoni kitu, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Ugonjwa wenyewe si wa nadra. Rekodi za bima ya wanyama nchini Sweden zilionyesha kuwa, kati ya majike wasiotolewa kizazi, takriban mmoja kati ya wanne au watano huupata kabla ya kufikisha miaka 10.

Dawa zinafanya kazi, sikatai. Aglepristoni huizuia projesteroni isifanye kazi yake, na mlango wa kizazi hufunguka. Prostaglandini hukaza misuli ili usaha utoke. Mbwa huhema, hudondosha mate na pengine kutapika muda mfupi baada ya sindano. (Mlango ukiwa bado umefungwa, sindano hiyo ni hatari, kwa kuwa kizazi kinaweza kupasuka.) Lakini hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayorudisha ukuta ulioharibika. Ovari bado zipo. Baada ya miezi kadhaa joto litarudi, projesteroni itapanda, na wengi huugua tena.

Wenye mbwa wazee huniambia, "Daktari, naogopa nusukaputi." Hofu hiyo naielewa, ila umri peke yake si ugonjwa. Tunapima damu, tunaangalia figo, tunasikiliza moyo, ndipo tunaamua. Tena angalia unachokilinganisha. Kizazi cha mbwa mwenye afya ni chembamba, na operesheni yake hupangwa kwa nafasi. Kizazi kilichojaa usaha hukikuta kimevimba pembe zote mbili, mishipa ya damu imetuna, ukuta umelegea kiasi kwamba nakiinua kwa viganja badala ya vibanio, maana kikichanika usaha unamwagika tumboni. Na mbwa mwenyewe amelala mezani akiwa na sumu kwenye damu na figo zilizochoka, baada ya dripu na antibayotiki za haraka. Nusukaputi ya namna hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Kuhusu wakati, usikimbilie siku uchafu ulipokatika. Nataka ultrasaundi ionyeshe kizazi kitupu, na kama matiti yana maziwa ya mimba ya uongo, yakauke kwanza. Wakati wa joto lenyewe pia haufai, kwa kuwa mishipa imejaa damu.

Madhara yapo. Atanenepa upesi usipopunguza chakula, na baadhi ya majike, hasa wa miili mikubwa, huanza kuvuja mkojo usingizini. Hilo lina dawa. Na usimtoe kizazi mbwa mzee ukitarajia kumkinga na uvimbe wa matiti. Kwa umri huo faida hiyo ni ndogo sana.

Ninayemwacha na kizazi chake ni jike kijana ambaye mwenye mbwa anataka watoto wake kwa dhati. Huyo apandwe joto lijalo, bila kuruka, na akimaliza kuzaa tuzungumze tena. Mwingine ni mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo. Huyo apigwe ultrasaundi wiki chache baada ya kila joto. Asichomwe sindano ya kuzuia joto, kwani nyingi zina homoni za jamii ileile ya projesteroni.

Siku ya upasuaji, muulize daktari kama ovari zote mbili zimetoka. Baadaye ukiona dalili za joto, mrudishe. Huenda kipande cha ovari kimebaki, na kisiki cha kizazi kilichoachwa nacho kinaweza kujaa usaha.